Ndama Amekunywa Dawa ya Nduta

Kwa miaka thelathini na mmoja nilinakili hukumu za watu wengine, nikiwa karani wa mahakama mjini Nyeri, na sikumbuki hata siku moja niliyoshika kalamu nikiwa na hasira. Leo ninayo. Ndama amekunywa dawa ya mjukuu wangu. Waliomnywesha si wezi wala wapita njia. Ni watu wa nyumba yangu, na walikuwa na sababu, na sababu yao ndiyo inayonikasirisha kuliko kitendo chenyewe.

Nianze na sanduku.

Binti yetu Nyawira hufanya kazi Nyeri, katika ofisi ya bima. Mwezi wa Februari alituletea mwanawe, Nduta, mwenye umri wa miaka miwili na nusu, akae nasi hapa juu ya Naro Moru mpaka apatikane mtu wa kumtunza kule mjini. Mtoto huyu amechukua jina la mke wangu, Beth Nduta, kama desturi yetu inavyotaka. Kwa sababu hiyo mimi humwita mjukuu huyu “mke wangu”, naye huniita Guka, yaani babu, kwa sauti ya kuamrisha ambayo mwenye jina hajawahi kuithubutu kwa miaka arobaini na sita ya ndoa.

Nyawira alituachia sharti moja tu.

“Baba, hapa hospitali iko mbali. Nataka nyumba hii iwe na sanduku la huduma ya kwanza. Na isiwe ile pamba na spiriti ya enzi zenu. Sanduku la mtoto mdogo.”

Neno “enzi zenu” liliniudhi, lakini sharti lilikuwa la haki. Nilivaa koti, nikashuka mpaka kituo cha afya kilicho karibu na barabara kuu, nikamwomba Sista Wachuka, muuguzi wa watoto, anitajie kila kinachohitajika. Yeye alitaja, mimi nikaandika. Tulibishana mara mbili. Mara ya kwanza nilipoandika aspirini.

“Hiyo futa, Mzee. Aspirini si ya watoto.”

“Nilimeza aspirini tangu nikiwa shule ya msingi, na bado niko hai.”

“Mshukuru Mungu, kisha ufute.”

Nikafuta. Mara ya pili ilikuwa juu ya kufuli. Mimi nimeishi na kabati za ushahidi, na kabati isiyo na kufuli kwangu ni meza tu. Sista Wachuka akacheka.

“Mtoto ameungua na uji, analia, wewe unatafuta ufunguo katika mifuko ya koti? Liweke juu, mahali mkono wa mtoto haufiki na mkono wa mtu mzima unafika. Hiyo ndiyo kufuli.”

Nilikwenda Nyeri siku mbili tofauti, kwa maana duka la kwanza la dawa lilikosa vitu vitatu na mimi sikubali kitu nusu. Nilinunua sanduku dogo la bati, nikalipaka rangi nyeupe mwenyewe. Ndani niliweka shashi safi na bendeji za upana wa aina mbili, plasta, mkasi usio na ncha kali, kibanio cha kuondolea miiba, glavu, dawa ya homa iliyo ya maji pamoja na lile bomba dogo lisilo na sindano la kupimia na kunyweshea, na kipimajoto cha kuweka kwapani. Chini kabisa, kwa sababu Sista alisema hicho ndicho kitakachookoa mtoto kabla ya kingine chochote, niliweka pakiti kumi za ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganywa na maji kwa mtoto anayehara. Ndani ya kifuniko nilibandika orodha kwa mwandiko wangu.

Kisha nikawaita jikoni Beth na mwana wetu Mugo. Mugo ana miaka thelathini na sita, hajaoa, na hilo ni jambo la siku nyingine. Ndiye anayetunza ng'ombe wetu watano; Beth ndiye anayewakamua. Niliwasomea orodha yote, neno kwa neno.

“Kitu kikitoka humu,” niliwaambia, “kimetoka kwa ajili ya Nduta. Kikitoka, naambiwa siku hiyo hiyo, nami nitaweka kingine. Mugo, rudia.”

“Baba, nimesikia.”

“Rudia.”

“Kitu kikitoka, kimetoka kwa ajili ya Nduta.”

Beth hakuambiwa arudie, lakini alitikisa kichwa. Nikalipandisha sanduku juu ya kabati ya vyombo, nikaenda kulala nikiwa na amani ya mtu aliyetimiza wajibu. Nilikuwa mjinga. Nasema hivyo bila kuzunguka.

Hayo yalikuwa Februari. Jumamosi moja ya Aprili, mvua ikiwa imenyesha siku nne bila kupumua, Beth aliniita nikiwa nanyoa ndevu.

“Baba Mugo, njoo. Mtoto ametapika tena. Na tumbo limemwendesha tangu alfajiri, sasa ni mara ya sita.”

Nduta alikuwa amelala juu ya kochi, amefunikwa shali. Hakuniamrisha. Hakusema Guka. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, na alipolia, kilio kilitoka lakini machozi hayakutoka. Niliogopa. Hata hivyo, nakiri kwamba chini ya woga ule palikuwa na fahari kidogo. Nilijua nililojiandalia. Nilivuta kiti, nikalishusha sanduku, nikaliweka mezani mbele ya Beth na Mugo aliyekuwa ameingia na viatu vyake vya mpira, na nikalifungua kama mtu anayefungua Biblia.

Plasta zilikuwepo. Mkasi ulikuwepo. Shashi haikuwepo.

“Shashi iko wapi?”

Beth alitazama sakafu. “Nilichujia maziwa. Kile kitambaa kilikuwa kimetoboka, na wewe ulisema maziwa yetu yalirudishwa na kiwanda kwa sababu ya uchafu. Nilichukua kipande kimoja.”

“Kimoja?”

“Kimoja kwanza.”

Nikapekua. “Na kipimajoto?”

“Kiko kwa stoo ya ng'ombe,” Mugo akasema. “Malkia alikuwa na homa ya kiwele. Nilikuwa nirudishe, Baba, haki.”

“Uliweka kipimajoto cha mtoto chini ya mkia wa ng'ombe?”

“Nilikiosha.”

“Ulikiosha!”

Mkono wangu ulikuwa umefika chini ya sanduku, mahali pa zile pakiti kumi, na ulikuwa ukigusa bati tupu. Nililigeuza sanduku. Vikamwagika glavu, kibanio, bendeji. Hakuna pakiti hata moja.

“Mugo.”

“Ni ndama, Baba. Yule wa Malkia. Jumapili iliyopita alikuwa anahara maji matupu, hawezi kusimama. Duka la dawa za mifugo lilikuwa limefungwa. Kila mtu huku hupatia ndama hiyo ORS, inafanya kazi, hata jirani yetu Wamae alimwokoa wake.”

“Kumi zote?”

“Ndama ni mkubwa, Baba. Si kama mtoto.”

Nilitaka kumpiga. Nina miaka sabini na minne na sijampiga mwanangu tangu alipomaliza darasa la nane, lakini mkono ulikwenda juu wenyewe, na ni kilio cha Nduta kilichoushusha. Nikajiambia: hasira ina saa yake, na saa hii ni ya mtoto. Nikampigia Sista Wachuka. Alikuwa zamuni. Hakuniuliza mengi.

“Ana nguvu ya kumeza? Basi sikiliza. Lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Vijiko vidogo sita vya sukari, vilivyosawazishwa, si vya kurundika. Nusu kijiko kidogo cha chumvi. Koroga mpaka iyeyuke. Mpe kijiko kimoja kimoja, taratibu. Akitapika, ngoja dakika kumi, uanze tena. Na umlete sasa hivi, Mzee. Hana machozi, hiyo si ya kungojea nyumbani.”

Beth tayari alikuwa anapima sukari. Mimi, kwa kuona kijiko kitamwagika mdomoni mwa mtoto, nikachukua lile bomba dogo la kunyweshea. Angalau hilo lilikuwa mahali pake, katika mfuko wake wa nailoni.

“Baba,” akasema Mugo, “hiyo usitumie.”

“Kwa nini?”

“Ndama alikuwa hanyonyi. Nilimtilia maji mdomoni nayo.”

“Lini?”

“Jumapili. Na Jumatatu. Lakini niliosha, nikarudisha.”

Nililitazama bomba lile mkononi mwangu. Alhamisi jioni Nduta alikuwa na joto kidogo, na mimi, si Mugo, si Beth, mimi mwenyewe, nilimweka magotini, nikavuta dawa ya homa mpaka alama ya kipimo kama Sista alivyonifundisha, nikamtia bomba hili katika pembe ya mdomo, nikamsifu kwa kumeza vizuri. Joto nililipima kwa kiganja, na katika sanduku nilichukua dawa na bomba tu, bila kupekua zaidi. Nilikuwa nimevaa miwani. Nilisoma alama kwa uangalifu mkubwa.

Nililirusha bomba katika moto wa jiko, na jikoni pote pakanuka plastiki.

Nje, gari la Mugo, ile pikapu ya zamani, lilikuwa limepakiwa madebe mawili ya maziwa.

“Shusha,” nikamwambia.

“Baba, gari ya kiwanda inapita saa tatu. Tunaweza kuyaacha njiani, ni dakika tano tu.”

“Shusha hayo madebe, Mugo, au nikushushe wewe.”

Aliyashusha, akayaweka kwenye matope. Mvua ilikuwa inapiga juu ya vifuniko. Tukaingia watatu mbele, Beth katikati akiwa na mtoto na kikombe, na kila gari liliporuka juu ya jiwe alisubiri, kisha akapeleka kijiko. Kijiko cha kwanza kilirudi. Cha pili kikarudi. Baada ya kuvuka daraja la mbao, cha tatu kilikaa.

Hapo ndipo saa ya hasira yangu ilipofika, nami nikaifungulia mlango.

“Ulijua zile pakiti ni za nani?”

“Nilijua.”

“Ulirudia maneno yangu kwa mdomo wako jikoni?”

“Nilirudia.”

“Basi ulimtazama mnyama, ukamtazama mtoto wa dada yako, ukachagua mnyama.”

Mugo alikuwa anapigana na usukani kwenye matope. Mwanangu si mtu wa kujibu. Lakini akasema, bila kunitazama:

“Na wewe Baba, unakumbuka uliniambia nini Jumapili, kabla ya kwenda kanisani? Ulisimama kwa zizi na suti yako. Ulisema huyu ndama ni wa mbegu ya kutoka ng'ambo, ati kwa ukoo wetu hakujawahi kuzaliwa ng'ombe kama huyu. Ukasema, akifa, usilale katika boma hili.”

“Hayo ni maneno ya kumhimiza mtu.”

“Mimi nilisikia vile ulivyosema.”

“Ungeniambia hakuna dawa!”

“Ulikuwa kanisani, simu umezima. Na uliporudi ulimkuta amesimama. Ukanipiga begani, ukasema, hii ndiyo kazi. Hukuuliza nimemponyesha na nini.”

Beth akapeleka kijiko kingine. “Nyamazeni nyote wawili,” akasema, “mnamtikisa mtoto kwa sauti.”

Nikanyamaza. Sikunyamaza kwa utii. Nilinyamaza kwa sababu kila neno la Mugo lilikuwa kweli, na hakuna kitu kinachochoma mtu wa haki kama ukweli unaotoka katika kinywa cha mshtakiwa. Niliwalea watoto hawa kwa wimbo mmoja: ng'ombe ndiye karo yenu, ng'ombe ndiye viatu vyenu, ng'ombe akilala njaa nanyi mtalala njaa. Niliuimba kila asubuhi wakielekea shule. Sasa nilikuwa nikimlaumu mwanangu kwa kuukariri vizuri.

Kituoni Sista Wachuka alimpokea Nduta kutoka mikononi mwa Beth bila salamu. Alivuta ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akatazama inavyorudi polepole, akamkagua kinywa na macho. Akachanganya pakiti yake mwenyewe mbele yetu, akampa Beth kikombe na kijiko, akasema tutakaa hapo kwa muda wa saa nne, na kama mambo hayatabadilika atamwita dereva wa ambalansi twende Nyeri. Kisha akanigeukia.

“Zile kumi nilizokwambia ununue, Mzee, zimekwisha?”

Palikuwa na watu katika benchi: mama mwenye pacha, na mzee mmoja ambaye huketi nami katika kamati ya kanisa. Ningeweza kusema kwamba zililoa. Ningeweza kusema kwamba zilipita muda wake. Nilisema, “Ndama amezinywa.”

Mama wa pacha alicheka, kisha akafunika mdomo. Sista Wachuka hakucheka.

“Siku hizi nikiwapa watu ORS huwauliza kwanza kama nyumbani kuna ndama. Wakisema yupo, nawaambia wanywe hapa hapa nikiona.”

Nilimweleza na habari ya bomba. Nilimweleza yote, pamoja na Alhamisi, pamoja na mkono wa nani. Alifikiri kidogo.

“Siwezi kukuambia kwamba ni lile bomba. Yaweza kuwa ni maji, yaweza kuwa ni mikono, mvua hizi zinaleta mengi. Lakini siwezi kukuambia kwamba si lile bomba. Ndama anayehara na mtoto wanaweza kupeana ugonjwa mmoja.”

Afadhali angenitukana.

Ilipofika saa sita Nduta alikojoa, na Sista akasema asante kwa sauti kubwa kana kwamba amepewa zawadi. Saa saba mtoto aliketi, akataka biskuti ya wale pacha, akanyimwa, akalia kwa machozi mawili makubwa. Beth aliyapangusa kwa kidole akakitazama kidole kile. Mimi nilitoka nje nikasimama chini ya ukingo wa paa kwa muda.

Nyawira alinikuta hapo. Mama yake alikuwa amempigia simu. Alikuwa na viatu vya ofisini, vimejaa matope mpaka kwenye kifundo, na hakunisalimia. Akapita, akamchukua mwanawe, akamkumbatia, akamnusa nywele, kisha akauliza swali moja kwa chumba kizima.

“Nani amegusa lile sanduku?”

“Ni mimi,” akasema Mugo. Alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi. “Ni mimi peke yangu. Mama na Baba hawakujua.”

Hapo, kwa mara ya kwanza siku ile, nilimwonea mwanangu fahari, na fahari ile ikanizidishia hasira, kwa kuwa sikuwa na haki nayo.

“Nyamaza, Mugo,” nilisema. “Nyawira, sikiliza. Ndugu yako alichukua zile pakiti kwa sababu nilimwambia ndama akifa asilale nyumbani kwangu. Alipomponya, nilimsifu, wala sikuuliza dawa imetoka wapi. Na siku ya Alhamisi, mkono uliomnywesha mwanao kwa bomba la ndama ni huu wangu. Katika jambo hili, yeye alitumwa. Mwenye kutuma ni mimi. Kwa hiyo, ikiwa kuna mtu wa kulaumiwa mbele ya…”

“Baba,” Nyawira akanikata, “hata sasa unahutubia.”

Alikuwa hajawahi kunikata neno. Hakuna mtoto wangu aliyewahi.

“Nilikuachia mtoto,” akaendelea, “nikakuachia kitu kimoja cha kufanya, na ulikifanya vizuri, Baba, ulikifanya vizuri kuliko mtu yeyote ambaye ningemwomba. Ulipaka hata rangi. Halafu ukawaacha waamini kwamba kuna kitu hapo nyumbani kikubwa kuliko yeye. Sitaki hukumu. Namchukua mtoto wangu.”

“Hujapata mtu wa kumtunza.”

“Nitampata.”

“Amempata,” akasema Beth.

Sote tulimgeukia. Alikuwa anakunja shali ya Nduta, kona kwa kona, kama anavyokunja vitambaa vya meza ya Bwana.

“Mimi nakwenda naye Nyeri. Leo. Nguo utanitumia na Mugo.”

Na mimi, Dedan Muriithi, mzee wa kanisa, niliyekuwa nimetoka kukiri mbele ya watu, mtoto akiwa bado na kikombe cha dawa mdomoni, nilifungua kinywa na kabla ya kufikiri nikauliza:

“Na nani atakamua?”

Mzee mwenzangu wa kamati alitazama dirisha. Beth aliiweka shali begani.

“Umejisikia?” akaniuliza. Hakupaza sauti. “Basi kaeni na ng'ombe wenu.”

Wakaondoka katika gari la mtu aliyekuwa anashuka Nyeri. Nduta alilala kabla mlango haujafungwa, na hivyo hakuniaga.

Majuma mawili yaliyofuata sitayasimulia kwa urefu. Maziwa ya Jumamosi ile yaliganda kwenye madebe, tukawapa mbwa wa majirani. Mugo alipika, mimi nikaosha vyombo, na tulizungumza juu ya mvua. Nilikuwa na hasira na mwanangu mpaka nilipomwona akirudisha kipimajoto, kimefungwa katika karatasi safi, akikiweka mezani bila kusema. Nikamwambia akivunje na akitupe, akakivunja. Nilikuwa na hasira na Beth kwa kuondoka, kisha nikawa na hasira na mtu aliyeuliza nani atakamua. Huyo ninaye mpaka leo. Nalala naye, naamka naye.

Jumapili ya pili baada ya hapo nilimpigia simu Nyawira mwenyewe. Sikutumia Mugo, sikutumia mchungaji, ingawa wote wawili walijitolea.

“Mtoto anaendeleaje?”

“Anaendelea vizuri. Amemaliza zile tembe za zinki za kuhara alizopewa na Sista.”

“Nataka kuja kumwona. Jumamosi.”

Nilimsikia akifunga mlango kabla ya kujibu.

“Njoo, Baba. Lakini uje wewe tu. Usibebe maziwa.”

Mtu wa rika langu haendi nyumba ya binti yake mikono mitupu. Babangu hakwenda hivyo, na babake hakwenda hivyo. Hata maskini hubeba viazi vitatu katika mfuko. Nilibishana na jambo lile siku sita nzima, nikiwa nakata nyasi, nikiwa naosha sufuria. Mara mbili nilijaza chupa ya maziwa, mara mbili nikaimwaga katika ndoo. Jumamosi nilivaa koti, nikaiacha chupa mezani ikiwa tupu, nikashuka Nyeri.

Nyawira alifungua mlango. Aliitazama mikono yangu kwanza, kisha uso.

“Karibu, Baba.”

Beth alikuwa jikoni na hakutoka upesi. Nduta alinitazama kutoka nyuma ya kiti kama mtu anavyomtazama mgeni, na sikumlazimisha kuja. Niliketi mahali nilipoonyeshwa. Baada ya muda Beth alileta chai, akaiweka mbele yangu. Ilikuwa chai ya rangi, nyeusi, bila tone la maziwa, kitu ambacho katika nyumba yangu hapewi hata fundi wa siku moja.

“Maziwa hatujanunua,” akasema, akabaki amesimama kuona nitakavyofanya.

Ilikuwa chungu, na ilikuwa moto mno. Niliinywa yote. Kisha nikamrudishia kikombe kwa mikono miwili, nikaomba kingine.